Mkono wa Mkwe

Wekulo hakuwa na kazi. Hakuwa na leseni ya kuendesha pikipiki, wala soketi ya kufungulia nati ya klachi, wala meza ya kutandazia vyuma. Hakuwa na ua. Alikuwa na chumba kimoja cha mabati Mukuru kwa Njenga, na nusu ya chumba hicho ilikaliwa na kitanda. Hakuwa na ng'ombe wa kumalizia mahari. Hakuwa na ndugu mjini wa kumsemea. Na kubwa kuliko hayo yote, hakuwa na ruhusa ya kuifungua pikipiki ambayo kila usiku ililala kati ya kitanda chake na jiko, usukani ukimwelekea usoni.

Pikipiki ilikuwa ya Marion, mkewe. Aliyeinunua ni Mzee Luseno wa Kimilili, baba yake Marion, mwaka ule kiwanda cha biskuti kilipowaachisha vibarua, Wekulo akiwa mmoja wao. Mzee aliuza miti yake, akaileta pikipiki Nairobi juu ya basi, akasimama nayo mlangoni huku majirani wakitazama. "Hii ni mali ya binti yangu," alisema. "Mkono wa mkwe usiifungue. Siku ikishindwa kufanya kazi katika nyumba hii itarudi kwangu, na aliyepewa atarudi nayo." Hakuingia ndani, hakunywa hata chai, kwa kuwa mzee wa kule hali wala halali katika nyumba ya aliyemwoa binti yake. Aligeuka akarudi na basi la jioni. Mtu aliyepeleka ng'ombe wawili tu atamjibu nini baba wa mke?

Tangu siku hiyo Marion ndiye aliyetoka alfajiri akiwa amevaa kofia ya chuma, na Wekulo ndiye aliyempeleka shule binti yao Everline na kupika. Aliizoea kazi hiyo kuliko alivyozoea vicheko vya watu juu yake.

Ijumaa jioni alimsikia Marion kabla ya kumwona. Sauti ilimtangulia kwenye kichochoro, kra-kra-kra-kra, kama sufuria ya misumari inayotikiswa. Njoki, jirani aliyeuza maharage yaliyochemshwa, aliziba masikio yake kwa mwiko mmoja na kiganja kimoja.

"Mama Eve! Hiyo ni pikipiki ama ni poshomili?"

"Njoki, niache leo."

"Sikuachi. Kesho nakuletea mahindi debe moja, unisagie hapo hapo kwa injini."

Marion hakucheka. Alizima pikipiki, akaisukuma ndani, akaketi kitandani na kofia yake mapajani. Wekulo alimwekea chai. Aliiacha ipoe.

"Lorraine ameshuka," alisema mwishowe. Lorraine Apondi alikuwa mteja wake wa kila siku, karani aliyekaa Buruburu, na malipo yake ya mwezi ndiyo yaliyolipa kodi ya chumba. "Ameshuka katikati ya Jogoo Road. Ameniambia, 'Marion, hiki kitu kitaniua. Jumatatu kama bado kinalia, usinijie.' Kisha akapanda ya mtu mwingine mimi nikimtazama. Jamaa mwenyewe akanipungia mkono."

"Atarudi. Anakupenda yule."

"Ngoja, sijamaliza. Wakoli amempigia Baba simu."

Wakoli alikuwa kaka yake Marion, fundi wa pikipiki kule Majengo.

"Amemwambia nini?"

"Kwamba pikipiki inakufa mikononi mwetu. Aliisikia nilipopita kwake. Anasema ni krenki, ule mhimili wa ndani, injini nzima ivunjwe. Baba amesema Jumapili Wakoli aje aichukue, aifunge juu ya basi, asafiri nayo mpaka nyumbani." Aliitazama kofia. "Na mimi na Eve tufuate shule ikifungwa."

"Umempigia Baba?"

"Nimempigia. Amesema neno lake analijua kila mtu, kisha akakata."

"Basi nimpigie mimi."

Marion alimtazama kama mtu aliyependekeza kuingia kanisani bila shati. "Wewe? Umpigie baba yangu kuhusu mali? Kwa simu? Hapo ndipo utakuwa umeniondoa kabisa."

Alikuwa amesema kweli. Jambo la wakwe huendewa kwa miguu, na mtu mzima wa kukusemea, na kitu mkononi. Wekulo hakuwa na nauli, wala mtu mzima, wala kitu.

Usiku ule alilala akiutazama usukani. Kulikuwa na jambo ambalo Marion hakulijua. Majuma matatu nyuma, sauti ilipokuwa bado ndogo, tiki-tiki ya kusikika asubuhi tu, Wekulo aliamua kuitibu. Kiwandani mashine ya kukandia unga ikilia walikuwa wakiinywesha mafuta mazito yanayouzwa kwa mikebe, yale ambayo watu huyatia kwenye magari yaliyochoka ili yasitoe kelele. Aliinunua mikebe miwili kwa pesa za kibarua cha kupakua mchanga, akaimimina yote Marion alipokwenda kuoga. Hakuifungua pikipiki. Alizungusha kifuniko cha oili tu, akajiambia kwamba kifuniko si kufungua. Alitaka mara moja tu katika mwaka mzima awe ameifanyia pikipiki ile kitu chema.

Baada ya hapo ndipo sauti ilipokua.

*

Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya mkewe kama mtoto anayeomba kwenda uwanjani.

"Niruhusu niifungue."

"Ruhusa si yangu."

"Basi ni ya nani? Wakoli amesikia mlio barabarani akasema ni krenki. Hata hakuinama. Kama ni krenki, nitaifunga tena. Kama si krenki..."

"Na ukiiharibu?"

"Inaondoka kesho hata nisipoiharibu."

Marion alifunga leso kiunoni, akamshika Everline mkono. "Naenda kuchota maji, kisha naenda sokoni, kisha kwa mazoezi ya kwaya," alisema. "Sitakuwa hapa kuona chochote." Aliuweka ufunguo wa pikipiki juu ya kitanda, polepole, kama mtu anayeweka yai. Akatoka.

Wekulo alifungua mlango wote, akaipiga teke pikipiki ikawaka. Mabati yote yalitetemeka. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye chuma cha injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kama alivyomwona fundi wa zamu akifanya kiwandani. Upande wa kushoto mngurumo ulikuwa wa kawaida. Chini, penye krenki, vivyo hivyo. Akahamia kulia, kwenye mfuniko wa mviringo, na hapo sauti ilimpiga kichwani kama nyundo.

Akainuka, akabana mkono wa klachi. Kelele zikakatika. Akauachia, zikarudi. Akabana tena, akasubiri huku jasho likimtiririka, akaachia tena. Ni hivyo hivyo. Krenki haijali kama mtu amebana klachi au hakubana. Ugonjwa ulikuwa ndani ya klachi.

"Baba Eve!" Njoki aliita kutoka nje. "Umeuzima huo mtambo au umekufa wenyewe?"

"Unajibu daktari."

"Daktari gani hana koti?"

Alipaswa kufurahi, na kwa muda wa pumzi moja alifurahi. Kisha akakumbuka kwamba mikebe yake miwili ilikuwa imekwenda huko huko.

Alitandaza magazeti sakafuni na kuweka beseni chini ya injini. Oili ilitoka kwa uvivu, nyeusi, ikivutika kama asali iliyoungua, na harufu yake ilikuwa ya kamba iliyochomwa. Alifungua bolti za mfuniko moja baada ya nyingine, akizipanga kwa mfuatano wake ili asizichanganye. Mfuniko ulikataa kutoka. Aliugonga kwa mpini wa mwiko, ukatoka na nusu ya gasketi, ile karatasi inayozuia oili isivuje. Nusu nyingine ilibaki imeshikamana na chuma, imechanika. Akafunga macho. Sasa hakuna kurudi nyuma. Hata kama angetaka kuificha kazi hii, isingefichika.

Pleti za klachi zilikuwa nyeusi na zinang'aa kama kioo. Zile za chuma kati yake zilikuwa na madoa ya bluu, alama ya moto. Alizitoa moja moja mpaka akaifikia nati kubwa ya katikati inayokishika kikombe chote cha klachi. Aliigusa kwa kidole tu, aone kama inahitaji soketi ya namba gani.

Nati ilizunguka.

Ilizunguka kwa kidole, bila nguvu, na kikombe kikacheza huku na huku, tiki-tiki. Chini ya nati kulikuwa na washa yenye sikio, ambalo fundi hulikunja juu ya nati ili isilegee. Sikio lilikuwa limenyooka. Na kingo za nati zilikuwa na majeraha ya tindo na nyundo, majeraha mapya, yanayong'aa. Klachi ile ilifunguliwa mara moja tu tangu iondoke dukani, nayo ilifunguliwa Pasaka, na aliyeifungua ni Wakoli.

Wekulo alikaa chini kwenye magazeti. Furaha iliyompanda haikuwa furaha nzuri.

*

Marion aliporudi kutoka kwenye kwaya alizikuta pleti zimepangwa sakafuni na mumewe amepakwa weusi mpaka kwenye kope.

"Si krenki," Wekulo alisema. Akamwonyesha nati. Akamwonyesha sikio la washa lisilokunjwa, na alama za tindo.

Marion aliinama muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalikuwa makali. "Wakoli," alisema. "Wakoli mwenyewe! Amelegeza nati kwa uvivu wake, kisha anampigia Baba simu kwamba sisi ndio tunaoua. Ngoja aje kesho. Ngoja tu aje!" Alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Na hizi nyeusi, je? Nazo ni kwa sababu ya nati?"

Ilikuwa nafasi yake. Everline alikuwa ameketi kitandani akila ndizi. Marion alikuwa amesimama karibu naye, bega kwa bega, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa siku nyingi.

"Zimeungua," alisema Wekulo. "Zinahitaji mpya. Na oili, na soketi ya kukodi."

"Shilingi ngapi?"

Alitaja. Marion alitoa pochi iliyokuwa ndani ya blauzi, akageukia ukuta na kuhesabu noti. Njoki alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, hakujificha.

"Baba Eve anapewa pesa ya shule!" alisema. "Usisahau chenji, mtoto mzuri."

Wekulo alizipokea akitazama chini. Zilikuwa pesa za kodi.

*

Alitembea mpaka Gikomba, mwendo wa kutoa vumbi mpaka magotini, na kutoka hapo akavuka hadi duka la spea la Khalif pale Majengo. Alipita njia ya nyuma ili asionekane kutoka karakana ya Wakoli. Alimkabidhi Khalif pleti moja ya zamani iwe mfano wa kupimia.

Khalif aliishika kwa vidole viwili, akainusa, akaitupa juu ya kaunta.

"Nani ametia dawa ya gari ndani ya pikipiki?"

"Kwani inaonekana?"

"Inaonekana? Wallahi inanukia mpaka msikitini. Sikiza. Klachi ya gari inakaa mahali pakavu, peke yake. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Ukitia kitu cha kutelezesha, yenyewe inateleza. Ikiteleza inaungua. Nani huyo mjinga?"

Watu wawili waliokuwa wakisubiri waligeuka kumtazama.

"Ni jamaa tu," alisema Wekulo. "Jirani."

"Mwambie jirani mikebe ile anywe mwenyewe, itamlainisha tumbo." Wale wawili walicheka. Khalif alimpangia pleti mpya na oili ya pikipiki, kisha akaleta soketi ya nati ile, nzito, imeng'arishwa na mikono mingi. "Hii ni ya kukodi. Acha kitambulisho."

Wekulo aliacha kitambulisho. Njia nzima ya kurudi alijisikia kama mtu asiye na jina, na neno lile "jirani" lilimkaa kooni kuliko vumbi.

*

Jumapili walikwenda ibada ya mapema, na Wekulo akarudi peke yake kabla ya matangazo. Alikuwa amelala akizipiga hesabu zote. Wakoli angefika mchana. Kama pikipiki itawaka na kunyamaza, na kama alama za tindo kwenye nati ile zitatajwa wazi, basi Wakoli angefunga mdomo wake, na Mzee angelazimika kulinyamazia neno lake. Hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kuzitaja pleti. Mikebe alikwisha kuitupa mtoni.

Alisugua pleti za chuma kwa msasa laini mpaka bluu ikafifia. Aliosha ndani kwa petroli, mara moja, na tena, na tena, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Pleti mpya alizilowesha kwenye oili safi. Gasketi alikata kutoka boksi la sabuni: aliliweka juu ya mfuniko, akaligonga taratibu kwenye kingo kwa nyundo ndogo mpaka umbo likajikata lenyewe. Marion aliporudi alimkuta ameshindwa kukaza nati, kwa kuwa kila alipoizungusha klachi yote ilizunguka nayo.

"Nipe mkanda wako," Wekulo alimwambia.

"Wa nini?"

"Nipe kwanza."

Marion alivua mkanda wa gauni la kanisa, wa ngozi. Wekulo aliukunja, akauingiza kati ya meno ya gia mbili, gia zikaung'ata zikakwama. Akavuta soketi kwa uzito wake wote. Nati ikalia mara moja, ikakaa. Akachukua bisibisi na nyundo ili alikunje sikio la washa.

"Hodi!"

Alikuwa Wakoli, na kamba ya manila begani, kamba mpya ya kufungia mzigo juu ya basi. Alikuwa na tikiti ya basi la jioni mfukoni mwa shati, imechomoza ili ionekane. Aliangalia sakafu, akapiga mluzi.

"Niaje, sista. Shemeji! Kumbe unajua spana inashikwa upande gani?" Akaweka kamba chini. "Lakini si Mzee alisema mkono wako usiguse? Hebu funga hayo mavyuma yako haraka, basi halingoji. Nilisema krenki, nyinyi mnacheza na klachi."

"Wakoli," alisema Marion kwa upole wa kutisha, "njoo hapa uinamie."

"Niinamie nini?"

"Hiyo nati. Hizo alama za tindo ni za nani?"

Wakoli aliinama huku akicheka, kisha akaacha kucheka. Alilitazama sikio la washa ambalo bado lilikuwa limenyooka nusu. Alijikuna shingo.

"Jana ilizunguka kwa kidole," Marion aliendelea, na sasa sauti ilipanda, Njoki akasogeza kiti chake karibu na mlango. "Kwa kidole, Wakoli! Umefunga Pasaka bila kukunja washa, tena kwa tindo kwa sababu ulikuwa mvivu wa kutafuta soketi. Kisha ukainua simu. Ukamwambia Baba mume wangu anaua pikipiki. Ukanunua na kamba!"

"Sista, wakati ule kulikuwa na wateja wengi..."

"Nampigia Baba sasa hivi. Nataka asikie kwa masikio yake mwenyewe fundi wake ni fundi gani."

Alikuwa tayari ameshika simu. Wakoli alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono kati ya magoti, na ghafla alionekana mdogo, kijana aliyeambiwa tangu utotoni kwamba yeye ndiye tegemeo la nyumba. Wekulo alimtazama. Alingojea kufurahi. Alilisikia neno "jirani" likimpanda tena kooni.

"Mama Eve, weka simu."

"Siweki."

"Weka. Pleti niliziunguza mimi."

Hata Njoki aliacha kukoroga.

"Nilitia mafuta mazito," alisema Wekulo. "Mikebe miwili. Ulikuwa umekwenda kuoga. Nati ya Wakoli ndiyo iliyoanza kulia, na mimi nikaitia dawa ya gari nikidhani nainyamazisha. Klachi ikateleza, pleti zikaungua. Kama ningeacha, ingelia tu. Lorraine asingeshuka. Lorraine alishuka kwa sababu yangu."

Marion aliishusha simu polepole. Alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama hata siku kiwanda kilipomfukuza. "Jana nilikuuliza," alisema. "Nimesimama hapo hapo, nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Na leo, leo hii, tulipokuwa tumekwisha kushinda, ndipo unakumbuka mdomo?"

"Ahaa!" Wakoli aliruka kutoka kwenye ndoo. "Si nilisema? Si ni yeye? Shemeji umejimaliza mwenyewe! Nampigia Mzee mimi!"

"Piga," alisema Marion bila kugeuka. "Piga, ukimaliza unipe, nami nimweleze ya nati."

Wakoli alisimama na simu mkononi, kidole kikiwa hewani. Kisha akairudisha mfukoni.

Wekulo akarudi kwenye kazi. Alilikunja sikio la washa, akaligonga mpaka likalala juu ya nati. Akapanga pleti, akafunga springi, akaweka gasketi yake ya boksi la sabuni, akarudisha mfuniko na bolti zote kwa mfuatano wake. Akamimina oili.

"Washa," alimwambia Marion. "Ni yako."

Marion alipiga teke mara moja. Pikipiki ikawaka, na papo hapo ikasikika: kla, kla, kla. Wakoli akaokota kamba yake. Marion alifumba macho. Wekulo alipiga magoti, sikio karibu na chuma. Akanyoosha mkono, akashika mkono wa teke wa kuwashia. Ulikuwa umelegea, ukigonga chuma. Akaukaza kwa spana.

Kukabaki mngurumo tu, laini, wa chini, kama paka aliyeshiba. Marion alibana klachi, akaachia. Hakuna kilichobadilika. Aliingiza gia, akatoka nayo kichochoroni bila kofia, na walimsikia akienda mpaka barabara ya lami na kurudi. Au tuseme walimngoja, kwa kuwa safari hii hawakumsikia mpaka alipofika mlangoni.

"Mnaniharibia biashara," alisema Njoki. "Nilikuwa nimeshatafuta mahindi."

*

Wakoli hakuondoka. Alizungusha kamba mkononi, akaifungua, akaizungusha tena.

"Mzee aliniambia nisirudi mikono mitupu," alisema. "Nikiacha pikipiki, nirudi na jibu. Na jibu la mkwe hatalipokea kwa simu. Mnamjua."

"Basi atalipata," alisema Wekulo.

Aliomba karatasi katika daftari la Everline, akanawa mikono mara mbili, akaketi kitandani na kuandika juu ya kifuniko cha sufuria. Marion alisimama nyuma yake. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa shule ya msingi alioutunza vizuri.

"Andika nati kwanza," Marion alinong'ona.

Hakuandika nati kwanza. Aliandika: *Mzee, nakuamkia kwa heshima. Uliniambia mkono wangu usiifungue pikipiki, nami nimeifungua. Klachi ilikuwa na makosa mawili. Moja ni langu: nilitia mafuta yasiyofaa nikaziunguza pleti, kisha nikamficha binti yako. La pili, anayekuletea barua hii atakueleza mwenyewe. Yote mawili yamerekebishwa. Ng'ombe bado ni deni langu na sijalisahau. Ukiona kwamba neno lako lazima litimie, niite nije nilisikie nikiwa nimesimama mbele yako, si kwa mtu wa tatu.*

Alipofika mwisho alimpa Marion asome. Marion alisoma akisogeza midomo. Alirudia mahali pamoja, pale palipomtaja aletaye barua, akamtupia kaka yake jicho. Wakoli alikuwa mlangoni akijifanya anaangalia barabara.

"Akisoma haya atasema neno lake limetimia," alisema Marion kwa sauti ndogo. "Umemwandikia kwa mkono wako kwamba iliharibika hapa."

"Najua."

"Na bado unaipeleka?"

"Iliharibika hapa."

Wekulo alidhani atairarua. Marion alimnyang'anya kalamu badala yake, akainama juu ya kifuniko kile kile cha sufuria, na chini ya jina la mumewe akaandika kwa herufi kubwa zilizobonyea mpaka upande wa pili: *BABA, NI MIMI MARION. PIKIPIKI NIMEIPANDA LEO. SIJI.*

Bahasha waliyokuwa nayo ni ile ya sadaka iliyobaki ndani ya Biblia. Gundi yake ilikuwa imekauka. Marion alichukua tonge dogo la ugali wa mchana, akalilainisha kwa mate, akapaka ukingo, na Wekulo akaubana kwa kidole gumba mpaka ukashika. Kisha akasimama, akamkabidhi Wakoli kwa mikono miwili, kama inavyopasa kumkabidhi mtu kitu cha mzee.

Wakoli aliigeuza huku na huku. Aliiinua kidogo kuelekea kwenye mwanga.

"Shemeji," alisema, "umeniandika humu?"

"Ni ya Mzee," alisema Wekulo. "Mpelekee."

Wakoli aliitia mfukoni mwa shati, nyuma ya tikiti, akasimama kidogo kana kwamba anangoja kuitwa. Hakuitwa. Akashika njia kuelekea kwenye mabasi, mkono mmoja juu ya mfuko ule muda wote aliotembea, mpaka kichochoro kilipokata kona.